Waliposema Wamesikia

Wanangu wa maendeleo ya jamii, mwongozo wenu nimeusoma wote. Mlikuja hapa Katubuka wawili juu ya bodaboda moja, mkaninywea chai, mkanisifia vitumbua, halafu mkaniomba kurasa chache za kuweka mwanzoni, "maneno ya busara kutoka kwa mstaafu." Busara! Hiyo busara ningekuwa nayo enzi zile, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Mwongozo ni mzuri, sisemi uongo. Una picha za rangi. Unasema jamii ishirikishwe, wenyeji na wakimbizi wanufaike wote, ujuzi wa wazee uheshimiwe. Mwishoni mmebandika fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa "Jamii imeridhia." Ukitia alama ya vema umemaliza kazi, unarudi mjini. Hicho kisanduku ndicho kilichonikera mpaka nikatafuta kalamu. Zamani hatukuwa na visanduku, tuliandika kwa mkono, lakini maneno yalikuwa hayohayo na mimi niliyaandika. Basi nisomeni hadi mwisho, na msije mkanikatizia njiani eti mmeshaelewa.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, Kiha nilikiokota sokoni nikimsaidia bibi yangu kuuza mawese. Kilikuwa Kiha cha kupunguziana bei, na matusi mawili matatu ya kumfukuzia mteja msumbufu. Sasa miaka ile wakimbizi walipoanza kumiminika kutoka Burundi, shirika moja lilikuwa linatafuta mtu wa kuandika Kiswahili na kusema Kiha, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Nikaenda nikasema najua. Hakuna aliyenipima. Wao wenyewe wangenipimaje?

Wiki ya kwanza nikawekwa kwenye hema la matibabu. Akaja mzee mmoja Mrundi, amekunja uso, analalamika amavi, amavi, amavi yanamuua. Nami bila kusita nikamgeukia nesi, "Huyu anaharisha." Nesi akampa dawa ya kufunga tumbo. Siku ya tatu mzee karudi, magoti yanamuuma vilevile na choo hapati tena. Kumbe kwao amavi ni magoti! Nesi alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Mzee naye alipoelezwa akacheka, akanipiga bega, na tangu siku hiyo kambi nzima ikawa inaniita Mama Magoti. Mimi na ujana wangu nikaona sawa, makosa ya kazi hii ndiyo haya, unachekwa kidogo na kesho unaendelea.

Kijiji ninachotaka kuwasimulia sitakitaja. Kiko ufukweni kwa upande wa Ilagala, na wenyewe wakisoma watajijua. Mitumbwi ya wakimbizi ilikuwa inatua pale, watu wanakaa mchangani chini ya maturubai wakisubiri malori ya kuwapeleka kambi za bara. Wengine walikaa siku tatu, wengine wakakaa miezi. Wanakijiji waliwapokea vizuri mno. Mjane mmoja, Mama Skolastika, aliyekuwa na shamba la mihogo na michikichi michache, alimchukua mwanamke wa Kirundi, Esperansi, akamlaza barazani kwake. Esperansi alikuwa na kitoto cha kike kinanyonya, mumewe hajulikani alipotelea wapi. Mama Skolastika naye alikuwa akimlea mjukuu, Atanasi, aliyeachwa na mama yake marehemu. Wakawa wanapika moto mmoja. Yule anaita "mama," huyu anaitika, na Kiha na Kirundi vyao vinaingiliana bila kuhitaji mtu kama mimi.

Kazi nyingine ya Mama Skolastika ilikuwa kisima. Najua mtauliza, kisima cha nini na ziwa liko mlangoni? Ziwani walifulia na kuoga. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi ndogo bondeni, imezungushiwa mawe, na huyu mama ndiye aliyekuwa akiiangalia kama walivyofanya wa kwao kabla yake. Ukiingia na viatu anakutoa. Ukija na ndoo yenye masizi anakurudisha ukaisugue kwanza. Kijiji kizima kilikunywa pale, na wakimbizi pia.

Watu walipozidi ufukweni ikabidi vichimbwe vyoo. Injinia wetu alikuwa kijana mwenye akili na haraka. Akapanda mteremko ulio juu ya kile kisima, akachoma chuma chake ardhini, kikazama bila shida. Mchanga laini, pakavu, hapana shamba la mtu. Akafurahi. Ila taratibu zilitaka kijiji kiulizwe, kwa hiyo tukaitisha mkutano.

Mkutano wenyewe ulikuwa hivi. Sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki, wao wamekaa chini. Gari halijazimwa. Injinia anaeleza, mimi natafsiri, wazee wanaitikia kwa vichwa. Mwisho akasema, "Waulize kama wamekubali." Nikauliza. Mwenyekiti akawatazama wenzake, akapiga makofi mawili ya taratibu kama wafanyavyo wakiwa na mgeni, akasema, "Twumvise." Na wengine nyuma yake, wanaume kwa wanawake, "Twumvise."

Twumvise ni tumesikia. Hapo sikukosea neno. Lakini mimi ni wa Ujiji, jamani! Kwetu mama akikutuma mkaa unajibu "nimesikia mama" na mguu umeshatoka nje. Ukisema umesikia halafu ukabaki umekaa, kibao kinakuhusu. Kwetu kusikia ndiko kukubali. Basi nikamgeukia injinia, kwa kujiamini kabisa, "Wamekubali." Jioni nikaandika kwa mkono wangu huu: jamii imeridhia kwa kauli moja.

Asubuhi yake nilikuwa hemani naandika majina ya wanaopanda lori, nikamwona Mama Skolastika anakuja. Amevaa kitenge cha kanisani, amebeba kikapu chenye mihogo ya kuchemsha kimefunikwa na jani la mgomba.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimu.

"Shikamoo mama. Karibu. Kuna shida?"

"Hakuna shida. Nimeleta jibu."

"Jibu la nini?"

"La mkutano."

Nikacheka. "Mama jamani, si mlishajibu jana? Mlisema mmesikia."

Akanitazama kwa kunihurumia. "Ndiyo, tulisikia. Mgeni hakatazwi mbele za watu akiwa amekaa. Unamwambia umesikia, unamsindikiza aende kwa heri. Halafu mnakaa wenyewe mnaongea, na kesho yake mtu mmoja anampelekea jibu alipofikia. Wamenituma mimi. Tungekubali ningekwambia twemeye. Lakini tumekataa."

"Mmekataa?"

"Pale juu mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya ule mchanga yanatokea kisimani. Hata majivu ukimwaga pale, baada ya siku mbili unayaona kwenye maji. Wachimbe upande ule wa udongo mwekundu. Ni mgumu, tunajua, ndiyo maana vijana wetu watakuja na majembe kusaidia. Waambie."

Nataka hapa msinielewe vibaya. Mtu akisimulia kosa lake hupenda kusema hakujua. Mimi nilijua. Kabla hajamaliza kusema nilishajua nilichokifanya jana, uso ukanichoma.

"Nitawafikishia, mama."

"Leo?"

"Leo hii."

Akaniachia kikapu, akaenda zake ameridhika kwamba kazi aliyotumwa ameimaliza.

Sikuwaambia. Kamba za kupimia mashimo zilikuwa zimeshafungwa, injinia yuko mteremkoni anapiga kelele, mitumbwi mingine imetua asubuhi ileile na watu wanajisaidia vichakani. Niliwaza, nikisema sasa watauliza jana nilikuwa natafsiri nini. Wataikumbuka hadithi ya magoti, na safari hii hakuna atakayecheka, wataniondoa. Nikajiambia nitasema mchana. Mchana nikasema jioni. Kesho yake mashimo yalikuwa yamefika kiunoni, nikajiambia huyu mama labda anatia chumvi, na mvua bado. Ile mihogo niliila yote peke yangu.

Na waliochimba walikuwa nani? Wakimbizi wenyewe. Wanaume walishika sururu, wanawake wakabeba mchanga kwa makarai, Esperansi akiwa mmoja wao na mtoto mgongoni. Kijiji kilikuwa kinatazama. Kwa wanakijiji jibu lilikuwa limeshapelekwa na mtu mzima mwenye heshima zake, na mtafsiri ameahidi. Kwa hiyo walichokiona ni watu wameambiwa hapana na wanachimba hivyohivyo.

Mvua zikaja kwa fujo. Maji ya kisima hayakubadilika rangi, na hilo ndilo lililotupumbaza sisi wa shirika. Akaanza mvuvi mmoja kutapika na kuhara maji kama ya mchele. Wakafuata wawili wa kwenye maturubai. Baada ya hapo sikuwa tena na kazi ya kutafsiri, kipindupindu hakihitaji. Nilikuwa nakoroga chumvi na sukari kwenye ndoo, nashika vichwa, nanywesha. Atanasi alizidiwa asubuhi. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, bado ananiita shangazi. Nikamnywesha kwa kijiko, yakatoka. Nikamnywesha tena, yakatoka. Lori la kumpeleka kwenye dripu lilikwama kwenye tope, na kabla ya adhuhuri mtoto akawa ametutoka. Alikuwa na miaka minne. Mama Skolastika hakupiga yowe, alimfunga kidevu kwa kitambaa na kuniomba maji ya kumwoshea. Siku mbili baadaye kitoto cha Esperansi nacho kikafa. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile moja tu, na kulikuwa na nyumba nyingine.

Siku chache baada ya mazishi nilikuwa kisimani na kopo la dawa ya maji mkononi. Esperansi akaja na ndoo yake, macho yamevimba. Mama Skolastika akamsimamia mbele.

"Mliambiwa msichimbe, mkachimba! Nimekulaza barazani kwangu, ukaenda kubeba mchanga wa kumwulia mjukuu wangu!"

Esperansi akapiga magoti palepale kwenye tope. "Mama, nani alituambia? Hatukuambiwa na mtu. Mama, wangu naye si nimemzika?"

"Muongo! Jibu nililipeleka mimi mwenyewe, kwa miguu yangu!"

Akaichukua ile ndoo akaitupa kwenye matete, akamwambia asikanyage tena kwake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale. Watu wawili wananiamini, wote wawili wanasema kweli, na mwenye kuijua kweli yote ni mimi. Nikainama nikaendelea kupima dawa. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona, na bado nikanyamaza.

Kuanzia hapo kijiji kiliwafungia milango wale wakimbizi. Hawauziwi mihogo, hawaazimwi kinu, watoto wakawa wanawarushia mawe na kuwaita wenye sumu. Watu waliokuwa wanakula pamoja! Wakubwa zangu wakaandika kwamba kuna uhasama baina ya wenyeji na wakimbizi kwa sababu ya uhaba wa rasilimali. Mimi ndiye niliyewapigia taipu.

Sasa najua mnasubiri nifike kwenye kanuni. Haya, chukueni, nimezipata kwa gharama na nimezitumia miaka mingi baada ya pale. Gari lizimwe, na dereva aende akatafute chai mbali. Fikeni siku moja kabla, mwende wanakochota maji, mkae na wanawake bila daftari. Mkutanoni msiulize "mmekubali?" Mtu mstaarabu atawajibu chochote muondoke. Ulizeni hivi: jibu lenu mtalileta lini, ataleta nani, na tulisubirie wapi? Halafu mlisubiri kweli. Andikeni neno lenyewe walilotamka, kwa lugha yao, tafsiri yenu iwe pembeni, ili mwingine anayejua zaidi aweze kuwasahihisha. Likija jibu, lisomwe mbele ya wote pamoja na wale watakaoshika majembe, maana wenye kuchimba nao ni jamii. Na kabla ya yote mjue mtafanya nini mkiambiwa hapana. Kama hapana yao haibadilishi chochote, msiwasumbue watu waache mashamba yao waje kuwasikiliza.

Inachosha, siwafichi. Kuna kijiji kingine walinisubirisha siku nne kwa habari ya vichanja vya kuanikia dagaa. Nilikula ugali wa muhogo na migebuka mpaka gauni likanibana. Siku ya nne akaja mzee mmoja taratibu, akakaa, akasalimia ukoo wangu wote, akasema hawataki. Halafu akaniomba mwavuli. Injinia mpya alinuna njia nzima hadi Gungu. Vichanja havikujengwa, mwavuli nilimpa, na hakuna aliyekufa.

Turudi kwa Mama Skolastika. Ugonjwa ulipokwisha tulifukia yale mashimo kwa chokaa, tukachimba mengine kwenye udongo mwekundu. Wiki zikapita. Nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Mwishowe asubuhi moja miguu ikanipeleka. Nilimkuta uani anamenya mihogo, amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili.

"Mama, lile jibu lako sikulifikisha."

Kisu kikasimama. "Hukulifikisha kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote. Nilijua nimekosea, nikaogopa. Sikumwambia injinia, sikumwambia yeyote."

"Kwa hiyo wale waliochimba..."

"Hawakujua, mama. Esperansi alikuwa anasema kweli."

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kupigwa, na angenipiga ningeshukuru. Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaingia ndani akatoka amejitanda kitenge kile cha kanisani. "Yuko turubai gani?" Ndilo swali pekee. Akatangulia, mimi nyuma, na pamoja na umri wake sikuweza kumfikia, alikuwa anakimbia kabisa. Watu walitupisha njiani wakishangaa.

Tulipofika pale alipokuwa akiishi Esperansi tulikuta matundu manne ya miti na majivu ya jiko. Turubai halipo. Jirani yake, naye Mrundi, akatuambia lori limewachukua jana kwenda kambi za bara.

"Hakuaga?" Mama Skolastika akauliza.

"Alikwenda kwako kukuaga. Tulimwona amesimama njiani na mzigo wake muda mrefu. Alisema kwa kuwa ulimkataza asikanyage uani, atasubiri utoke."

Mama Skolastika akakaa chini palepale kwenye majivu, na kitenge chake cha kanisani.

"Nilimwona," akasema. "Nilimwona, nikaingia ndani nikafunga mlango."

Hapo ndipo alipolia. Kwa Atanasi hakulia namna ile. Nilitaka kumshika mkono, akautoa.

Nilimtafuta Esperansi. Niliandika barua kambi zote nilizozijua, nikapanda malori, nikasoma majina kwenye mbao za matangazo. Wapo Esperansi wengi, na hakuna aliyekuwa yeye. Baadaye wengi wakarudishwa kwao, wengine wakapelekwa mbali zaidi, na mimi nikastaafu. Mama Skolastika hakunisamehe na sikuwahi kumwomba anisamehe. Lakini kila nilipopita kijijini alinipokea, alinipa kigoda na maji ya kunywa, na kabla sijayameza ananiuliza, "Umempata?" Mara ya mwisho alikuwa kitandani, mwanga wa macho umekwisha, ananitambua kwa sauti tu. Akaniuliza. Nikawa na uongo tayari mdomoni, wa kumpa apumzike, kwamba nimempata na amekusamehe mama. Nikashindwa. Nikamwambia, "Bado, mama." Akageukia ukutani.